Bima ya Kanisa la Mbareni

Hapo zamani, wala msidhani ni zile zamani za wanyama kusema kama watu. Ni zamani za karibu, simu zilishafika, ila ukitaka mtandao lazima upande juu ya jiwe. Hapo zamani palikuwa na usharika mdogo huko milimani Upareni, ukiitwa Mbareni. Sogeeni. Mwisho wa hadithi nitawauliza swali, na atakayesema alikuwa anasinzia ndiye nitakayeanza naye.

Mchungaji wa Mbareni aliitwa Mbonea Kisaka. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini, na kasoro yake ilikuwa moja: alimpenda kila mtu. Mtu akija kumshitaki jirani yake, Mchungaji alimpenda mshitaki. Jirani akija kujitetea, akampenda na jirani. Mkewe, Nakundwa, alikuwa akimwambia, "Baba Eliana, wewe usingefaa uhakimu. Ungewaachia wote, kisha ungewapikia chai."

Kanisa lenyewe lilikuwa la mawe, limekaa kwenye bega la mlima, pale upepo unapopita ukitoka nyika ya chini kupanda juu. Mawe yalikuwa ya mababu. Bati lilikuwa la wajukuu. Mawe hayakuwa na shida. Shida ilikuwa bati.

Katika usharika ule alikuwapo mama mmoja mfanyabiashara wa tangawizi, watu wakimwita Mama Togolai. Mwanamke wa haraka, mwenye kuongea huku anatembea. Mwaka mmoja gari lake la mizigo lilipinduka konani. Dereva alitoka mzima, lakini magunia ya tangawizi yakaenda na mto. Watu wakapanda kwenda kumpa pole, wakamkuta anakunywa uji.

"Lilikuwa na bima," akasema. Na kweli, haukupita muda mrefu akaonekana na gari jingine.

Tangu siku hiyo Mama Togolai hakuwa na wimbo mwingine. Akamjia Mchungaji shambani, akamkuta anapalilia maharage.

"Mchungaji, kanisa letu tulikatie bima."

"Bima ya nini, mama?"

"Ya moto, ya radi, ya upepo. Wewe unahubiri ukiwa umetutazama sisi, hulitazami bati. Mimi nikikaa pale sisikii mahubiri, nasikia misumari inavyolia."

Mchungaji akaipenda hoja ile. Akaipeleka kwenye baraza la wazee wa kanisa, akamwita na Mama Togolai. Huko ikakutana na Mzee Charema.

Mzee Charema alikuwa mwimbaji wa besi, na hata akisalimia, vikombe vilitikisika mezani. Baba yake alikuwa miongoni mwa watu walioyabeba yale mawe ya kanisa mgongoni kutoka korongoni. Kwa hiyo mtu akiligusa kanisa, alikuwa amemgusa Charema mbavuni.

"Baba zetu hawakukata bima," akasema. "Walikata mawe. Leo sisi tunataka kumwambia Mungu, 'Bwana, tunakutumaini wewe, ila huku pembeni tumeweka na mtu wa akiba.' Mimi sikubali."

Mama Togolai akasimama. "Mzee Charema, shikamoo."

"Marahaba. Bado sikubali."

"Ukifiwa, nani anakuja kukuchimbia kaburi?"

"Watu."

"Wanakuja na nini?"

"Na unga, na kuni, na majembe yao."

"Na wewe kwao unakwenda?"

"Nisiende, mimi mnyama? Huo ndio msaragambo. Tumeukuta, tutauacha. Kazi ikimzidi mmoja, wote tunatoka."

"Basi bima ni msaragambo wa watu wasiofahamiana," akasema Mama Togolai. "Kuna kanisa huko Sumbawanga, wewe hulijui, nalo halikujui. Mnachangia mfuko mmoja. Paa lao likianguka, umewasaidia. Lako likianguka, wamekusaidia. Hapo Mungu amekosewa wapi?"

Mzee Charema akafikiri, akasema, "Mtu asiyenifahamu hawezi kunizika." Watu wakacheka, na siku ile bima ikashindwa.

Lakini Mama Togolai hakuwa mtu wa kushindwa mara moja. Akaingia nyumba hadi nyumba. Akakaa jikoni kwa akina mama, akakaa vilabuni kwa akina baba ambao kanisani hawakuonekana ila Krismasi. Watoto wakampa jina, wakamwita Mama Bima. Wateja wengine wakamkimbia, wakisema tangawizi yake ina mawaidha. Akateremka mpaka Same mjini, akamtafuta wakala wa bima, akapanda naye mlima. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, wakamalizia kwa miguu, wakala akiwa na viatu vya mjini. Wazee wa baraza walipoona viatu vile vilivyoharibika, wakamwonea huruma, wakamsikiliza.

Usharika mzima ukapiga kura. Mikono ikainuka. Bima ikapita.

Mzee Charema akasimama. "Nimeshindwa," akasema. "Semeni kokote kwamba nimeshindwa. Msiseme nimekubali."

Mchungaji Mbonea akawatazama wote wawili, mama aliyeshinda na mzee aliyeshindwa, akawapenda wote wawili, akafunga kwa sala.

Basi kanisa likakatiwa bima. Ada ya mwaka wa kwanza ilitoka kwenye mnada wa mavuno, ule wa baada ya ibada, pale ndizi na kuku na mayai ya waumini huuzwa kwa kelele na utani mwingi. Ikalipwa, na watu wakaisahau.

Mwaka uliofuata ukaja ugonjwa wa tangawizi. Ukiing'oa, unakuta imeoza chini, inanuka. Mashamba yakalala. Kwenye mnada akafika kuku mmoja, naye alinunuliwa na aliyemleta. Mama Togolai mwenyewe hakuwapo. Binti yake alikuwa amejifungua huko Korogwe, naye alikwenda kumlea mzazi. Ada ya bima ikawadia. Mchungaji akatangaza kanisani mara moja, akatangaza tena, na kila akitangaza watu walitazama chini. Hawakuwa wabaya. Hawakuwa nacho.

Asubuhi moja Mchungaji yuko uani ananawa uso, akasikia besi nje ya ua: "Hodi hapa!" Akafungua. Mzee Charema alikuwa amesimama na mtamba wake kamshika kamba, yule mwekundu mwenye doa jeupe pajini, ambaye kijiji kizima kilijua kwamba ndiye ng'ombe aliyebaki, na kwamba mzee alikuwa akingoja azae apate maziwa ya uzeeni.

"Twende mnadani Same," akasema mzee. "Wewe unajua wakala anakaa wapi. Mimi sijui wala sitaki kujua."

Mchungaji hakuelewa. "Mzee, unamuuza kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya hiyo bima yenu."

"Lakini wewe huitaki bima!"

"Siitaki hata leo. Sikiliza, Mchungaji. Usharika ulikubali, mimi nikashindwa mbele za watu wote. Sasa nikae kimya, ada isilipwe, bima ife, niwe nimeshinda? Huo utakuwa ushindi wa kupitia dirishani. Mimi nikishinda nitashinda kwa mlango. Mshike ng'ombe, nifunge kiatu."

Wakateremka. Mtamba akauzwa, ada ikalipwa. Kurudi, mzee alikuwa ameizungusha kamba tupu mkononi. Walipofika njia panda akasema neno moja tu: "Usimwambie mtu. Wakijua, watasema nimeamini."

Mchungaji akakubali. Jumapili akatangaza kwamba ada imelipwa, na Mungu ambariki aliyelipa. Watu wakadhani ni Mama Togolai ametuma kutoka Korogwe. Mama Togolai aliporudi akadhani ni baraza. Kila mtu akadhani lake, na Mzee Charema akakaa kwenye benchi lake akiimba besi.

Ndipo upepo ukaja.

Ulikuja mchana kweupe, jua likiwaka. Mchungaji alikuwa kwenye maharage yake. Kwanza alisikia migomba inapiga makofi. Kisha akasikia misumari, ile ya Mama Togolai, ikilia yote kwa pamoja. Akainua macho. Akaliona paa la kanisa linanyanyuka, likakaa kidogo hewani kama linalofikiria, kisha likaondoka. Lilipita juu ya kichwa chake, na kivuli chake kikapita juu ya maharage, likaenda kushukia kwenye migomba ya Mzee Charema, ng'ambo ya kijito.

Mchungaji akakimbia kanisani. Namshukuru Mungu nikisimulia hivi, hapakuwa na mtu ndani. Ukuta wa mbele ulikuwa umepasuka, madhabahu imejaa mawe, na juu, pale palipokuwa na dari, palikuwa na mbingu ya bluu. Akakaa kwenye ngazi, akalia. Mzee Charema akatokea na panga mkononi, majani ya mgomba yamemganda begani.

"Mchungaji," akasema, "kanisa lako limekuja kwangu." Kisha naye akakaa kwenye ngazi, naye akalia.

Ibada zikahamia kwenye ghala la tangawizi la ushirika wa wakulima. Tangawizi hapakuwa nayo, lakini vumbi lake lilikuwapo, limejaa kwenye mbao na kwenye sakafu. Mchungaji akisema "Tuombe", watu wanapiga chafya. Akisema "Amina", wanapiga chafya. Bibi harusi mmoja aliulizwa kama anamkubali mwanamume huyu, akapiga chafya, ikabidi aulizwe upya.

Kampuni ya bima ikaarifiwa. Ikasema itamleta mkaguzi. Baraza likakaa kuhesabu vilivyoharibika: paa, dari, ukuta wa mbele, mabenchi, madhabahu. Mtu mmoja akasema, "Na kinanda."

Hapo sina budi kuwaeleza habari za kinanda, na za Nambike.

Nambike alikuwa mwalimu wa kwaya. Binti wa watu, hajaolewa, mwembamba, mwenye masikio ya ajabu; mtu akikosea sauti mstari wa nyuma, yeye akiwa mbele huku kawapa mgongo, anamtaja kwa jina. Kinanda kilikuwa kile cha kukanyaga kwa miguu, kilichoachwa na wamisionari. Nambike alijifunzia hapo tangu miguu yake haijafika chini. Lakini kinanda kilikwisha kufa. Panya walikuwa wamekula ngozi za mivukuto yake, upepo haukai tena ndani, na ukibonyeza unasikia mbao tu. Tangu hapo Nambike alikuwa akiwapa waimbaji sauti kwa mdomo: "Nnnnn." Na kila Jumamosi, kabla ya mazoezi, alikipangusa vumbi kile kinanda bubu, kana kwamba siku moja kitamwitikia.

"Kinanda tukiingize kwenye madai," wazee wakasema. "Tuseme kimevunjwa na upepo. Nambike apate kipya."

"Kiingizwe," akasema Mama Togolai. "Kwani kampuni kubwa kama ile itafilisika kwa kinanda?"

Mzee Charema akasema, "Mimi bima siitambui. Msiniulize."

Mchungaji Mbonea akatazama viatu vyake. Alijua si kweli. Lakini alimwona Nambike amekaa pale, mikono mapajani, vidole vikicheza taratibu kama vinabonyeza kitu, akampenda, akashindwa kusema. Kinanda kikaingizwa.

Mkaguzi akaja. Aliitwa Bwana Lutengano, mtu mnene, mstaarabu, mwenye kupumua kwa shida kwa sababu ya mlima. Akapima ukuta, akapiga picha anga pale palipokuwa na paa, akaenda mpaka migombani kwa Mzee Charema kulitazama bati. Akarudi ndani. Akasimama mbele ya kinanda. Akabonyeza mahali, pakalia mbao. Akainama, akachungulia chini yake kwa muda. Akanyanyuka.

"Mchungaji, na hiki nacho kiliharibiwa na upepo?"

Wazee wote walikuwapo. Mchungaji akawatazama mmoja mmoja. Akasema, "Mwalimu wa kwaya ndiye anayekifahamu. Muulize yeye."

Na hilo, ndugu zangu, Mchungaji Mbonea hakujisamehe haraka. Aliulizwa yeye, akamsukumia binti wa watu.

Nambike akakitazama kinanda. Akawatazama wazee, waliokuwa wanamkonyeza. Akaweka mkono juu ya kifuniko.

"Hapana, kaka," akasema. "Upepo haukukigusa. Kilikufa zamani. Panya walikula mivukuto."

Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akatoka nje. Mama Togolai akafumba macho. Bwana Lutengano akafunga mkoba wake, akamwita Mchungaji pembeni.

"Mchungaji, nimekuta kiota cha panya mle ndani, kikavu, cha miaka. Ningeambiwa ni upepo, kazi yangu ingeishia hapo. Kampuni ikikuta uongo mahali pamoja, inayakataa madai yote. Paa, ukuta, kila kitu. Yeye amesema kweli kabla sijaandika ripoti, basi nitafuta kinanda peke yake. Mshukuruni yule binti."

Wiki kadhaa Nambike hakuongeleshwa vizuri. Waimbaji walinong'ona kwamba anajifanya malaika. Lakini fidia ikaja. Ikaja yote, ya paa na ukuta na mabenchi na madhabahu, ila kinanda. Mchungaji akasimama ghalani, akaeleza alivyoambiwa na mkaguzi, na watu wakainamisha vichwa, wakapiga chafya. Baada ya ibada wanakwaya wakajipanga mstari kumpa Nambike mkono.

Kanisa likajengwa. Lilikuwa zuri, mawe yaleyale ya mababu, na paa jipya limefungwa kwa vyuma, upepo ukipita unapiga mluzi tu unaondoka. Askofu akatuma salamu kwamba atakuja kuliweka wakfu. Akasema: "Siku hiyo mlango utafunguliwa na mtu mmoja, yule ambaye kwa mkono wake kanisa hili limesimama tena. Mchagueni. Mmoja. Nawafahamu, mtataka kuniletea kamati. Sitaki kamati."

Usharika ukakutana ghalani. Mchungaji akauliza, "Ni nani?"

Mama Togolai akasimama, maana hakuwa mtu wa kuzunguka. "Ni mimi. Sitajifanya sitaki. Neno bima lilipanda mlima huu mdomoni mwangu. Nilichekwa, niliitwa majina, nilikosa wateja, nilimbeba wakala nusu ya njia. Nisingesema, kusingekuwa na bima. Bila mimi tungekuwa tunapiga chafya humu mpaka tuzeeke."

Watu wakapiga makofi. Wakajua limekwisha.

Ndipo besi ikasikika kutoka nyuma. "Ni mimi."

Watu wakageuka. Kisha ghala zima likacheka, kicheko kikubwa. Charema! Aliyesema mtu asiyemfahamu hawezi kumzika! Mzee akasimama palepale, kofia mkononi, akingoja wamalize. Mchungaji hakuweza kuvumilia.

"Mzee," akasema, "niruhusu."

"Sema, Mchungaji. Nimechoka kuficha."

Mchungaji akasimulia habari za mtamba. Kicheko kikafa. Mama Togolai akakaa chini polepole.

"Yule mwekundu?" akauliza. "Uliniambia umempeleka kwa mkweo."

"Nilisema hivyo."

"Mzee Charema! Umekunywa chai ya rangi mwaka mzima!"

"Chai ya rangi haina ubaya," akasema mzee. Kisha akasema alilotaka kusema. "Mama huyu alileta bima. Ni kweli. Lakini bima isipolipiwa inakufa, na ilikuwa imeshafika kufa. Yeye aliamini, akatoa maneno. Mimi sikuamini, nikatoa ng'ombe. Bila mimi tungekuwa tunapiga chafya humu mpaka tuzeeke. Na mlango ule, naomba mnielewe, baba yangu aliyabeba mawe yake. Sijawahi kuwaomba kitu."

Wanawake wawili watatu wakajifuta macho kwa kanga.

Kisha Nambike akasimama, na sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka.

"Wazee wangu, shikamooni. Mimi ningenyamaza, lakini nikinyamaza nitakuwa nasema uongo, kwa sababu nautaka ule ufunguo. Mama alileta bima, mzee akailipia. Lakini siku ya ukaguzi vyote hivyo vilikuwa vimefika ukingoni. Mlikuwa mmeviweka chini ya kinanda kibovu. Bila mimi tungekuwa tunapiga chafya humu mpaka tuzeeke."

"Mwanangu," akasema Mama Togolai, bila ukali, "mimi nilitembea mwaka mzima. Mzee ameuza ng'ombe. Wewe ulisema maneno machache tu."

"Ni kweli, mama. Lakini kinanda nilikitaka kuliko kitu chochote duniani. Na wewe mama ndiye uliyesema kiingizwe. Ningekufuata siku ya ukaguzi, tungekosa vyote."

Mama Togolai akainama. "Hilo nalikubali." Kisha akainua kichwa. "Lakini na mzee angesikilizwa siku ya kura, kusingekuwa na kitu cha kulipia."

"Hilo nami nalikubali," akasema Mzee Charema. "Na huyu binti, kama si ng'ombe wangu, huyo mkaguzi angekuja kumuuliza nini?"

"Nami nalikubali, babu," akasema Nambike.

Wakatazamana wale watatu, wakacheka, na Mama Togolai akasogea akampisha mzee kwenye benchi. Lakini hakuna aliyesema, "Basi mpeni mwenzangu." Ghala likagawanyika. Hawa wanasema mama, hawa wanasema mzee, hawa wanasema binti. Mwisho wakasema, "Mchungaji aamue."

Jioni, wakila makande, Mchungaji alimuuliza mkewe. Nakundwa akafikiri huku anatafuna.

"Ukimpa Mama Togolai nitapiga vigelegele. Ukimpa Mzee Charema nitalia. Ukimpa Nambike nitalala usingizi mzuri."

"Sasa nimpe nani?"

"Baba Eliana, mimi sikusomea uchungaji. Ongeza makande."

Jumapili ikafika. Watu walipanda kutoka kila kona ya mlima: Waislamu wa bonde la chini na sufuria zao za pilau, Wasabato na kwaya yao, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Askofu akaja na kofia yake ndefu na fimbo yake. Mlango mpya wa mninga ulikuwa umefungwa, na mbele yake wamesimama wale watatu. Mama Togolai katika kitenge kipya. Mzee Charema katika koti la harusi yake mwenyewe, limembana. Nambike katika joho la kwaya, vidole vimetulia.

Askofu akasali. Akamkabidhi Mchungaji Mbonea ufunguo. "Mpe," akasema.

Mchungaji akaushika. Akamtazama Mama Togolai, akakumbuka viatu vya wakala. Akamtazama Mzee Charema, akaiona kamba tupu ikizungushwa mkononi. Akamtazama Nambike, akakumbuka swali aliloulizwa yeye na jibu alilotoa binti. Akawapenda wote watatu, na safari hii haikumsaidia kitu.

Tone la mvua likaanguka juu ya kofia ya Askofu. Likafuata jingine. Mlimani kule mvua haibishi hodi. Ikaanza kunyesha, watu wamejaa uwanjani, mahali pakavu ni ndani tu, na ndani kumefungwa.

"Mchungaji," akasema Askofu, maji yakimtiririka puani, "watu wanaloa."

Mama Togolai akanyoosha mkono. Mzee Charema akanyoosha mkono. Nambike akanyoosha mkono.

Haya, nanyi msiniangalie mimi. Mimi nimesimulia, kazi yangu imeisha. Wa kwanza alileta bima, lakini alikubali uongo uliotaka kuiua. Wa pili aliipinga bima, lakini aliilipia kwa ng'ombe wake wa mwisho. Wa tatu hakuileta wala hakuilipia, lakini aliiokoa kwa kukikosa alichokitamani maisha yake yote. Ufunguo ni mmoja, mvua inazidi, na Askofu hataki kamati.

Je, nani alistahili kufungua mlango? Haya, wewe uliyekuwa unasinzia, anza.